Laini Zina Majina: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano kutoka Ndia Kuu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Nairobi.

KUH: DAWA ZA KULEVYA ZINAZOUZIWA WATOTO KWENYE SIMU

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Mwishoni mwa Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano iliziagiza kampuni za simu kuzima Telegram mpaka mtihani wa KCSE umalizike. Sababu ilijulikana: matapeli walikuwa wakiwauzia watahiniwa karatasi za mtihani, za kweli na za kubuni, kupitia makundi ya programu hiyo. Agizo likatekelezwa. Kwa takriban wiki tatu matapeli walisumbuka, wajanja wakapita kwa VPN, na watu wasio na hatia, zikiwemo familia za Mombasa zenye jamaa Muscat na Dubai, wakakatiwa mazungumzo bila kuulizwa.

Barua hii haiombi kitendo hicho kirudiwe. Inaandikwa kwa sababu kitendo hicho kilionyesha kwamba Mamlaka ikitaka, mkono wake unafika. Swali linaloulizwa kutoka Mji wa Kale ni kwa nini mtihani ulistahili haraka ile, ilhali bangi, tramadol na bugizi wanazouziwa watoto wale wale, kwa simu zile zile, bado zinasubiri.

Ndia Kuu inaanzia ubavuni mwa Fort Jesus na kuingia ndani ya Mji wa Kale kuelekea bandari ya zamani. Ni njia nyembamba, na vichochoro vinavyoingia humo ni vyembamba zaidi. Aliyekaa kwenye roshani ya upande mmoja husikia redio ya upande wa pili. Kwa miaka mingi ufinyu huo ulikuwa ulinzi wa aina yake. Muuzaji wa unga alijulikana kwa jina, kwa nyumba na kwa mama. Wazee wa barazani walijua hupita saa ngapi na nani humfuata nyuma. Hawakufanikiwa kumzuia. Heroini iliingia Mombasa katika miaka ya 1980 ikakaa, na mateja wenye mvi wanaopanga foleni ya methadoni leo ni ushahidi kwamba macho ya mtaa hayakutosha. Hata hivyo macho yalikuwepo, na mzazi aliyemkuta mwanawe maskani na watu asiowapenda alikuwa na mlango wa kwenda kuugonga.

Siku hizi kijana amekaa barazani kwao. Baba anatoka kuswali Isha, anamwona, anafurahi kwamba mtoto hajaenda mbali. Kijana ana simu mkononi.

Namna biashara yenyewe inavyokwenda haina ufundi mkubwa. Muuzaji anafungua akaunti TikTok, Instagram au Facebook na kuijaza picha za viatu, manukato, keki. Katikati yake anatupia emoji: jani, kidonge, theluji, plagi ya umeme. Shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya, DEA, lilichapisha orodha nzima ya alama hizi ili wazazi wajue wanachokitazama, na plagi humo ni muuzaji mwenyewe. Anayeuliza hahudumiwi hadharani. Anahamishiwa WhatsApp au Telegram, ambako ujumbe unaweza kuwekwa ujifute. Bei inatajwa, pesa zinatumwa kwa M-Pesa, na mtu wa bodaboda anakabidhiwa kifurushi ambacho pengine hakujua kina nini. Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Mihadarati, INCB, iliitengea biashara hii ya mtandaoni sura nzima katika ripoti yake ya mwaka 2023. Kwa hiyo hakuna afisa wa Nairobi, Vienna au Mombasa anayeweza kusema hajapata kuisikia.

Na wateja wapo tele. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na Interpol uliotolewa 2021 ulikadiria kwamba asilimia 67 ya watoto wa Kenya wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Mwaka 2023 ripoti ya Taasisi ya Reuters iliiweka Kenya mbele ya nchi zote ilizozichunguza kwa matumizi ya TikTok: asilimia 54 ya waliohojiwa walisema wanaitumia. Mamlaka yenyewe huchapisha kila robo mwaka hesabu ya simu za kisasa nchini, na hesabu hiyo imeshapita milioni 40. Mtoto asiye na simu yake anayo ya mama, na mama akilala simu hailali.

Wanachouziwa ndicho kinachotisha, na hapa inafaa kukaa kidogo, maana mijadala mingi hupita juu juu ikiita kila kitu mihadarati kama kwamba vyote ni kitu kimoja.

Tramadol ni dawa ya maumivu ya ukoo wa afyuni. Kwa mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji ni rehema. Kijana anayemeza vidonge kadhaa kwa mkupuo ili ajihisi shujaa anaweza kuanguka degedege pale pale alipo. Bugizi, vidonge vya usingizi na vya kutuliza vinavyojulikana kwa jina hilo kila pembe ya Pwani, humwondolea mtu woga na kumbukumbu kwa pamoja. Asubuhi hajui alikuwa wapi wala nani alikuwa naye, na msichana katika hali hiyo yuko mikononi mwa yeyote aliye karibu. Vikichanganywa hivyo viwili, au kimoja kikitiwa juu ya pombe, pumzi hupungua taratibu, na aliyelala huenda asiamke. Wenzake watadhani amelewa tu, wamwache apumzike.

Biskuti ya bangi ina hila yake. Bangi inayovutwa hupanda kwa dakika chache, kwa hiyo mvutaji hujua amefika wapi. Inayoliwa huchukua nusu saa hadi saa mbili. Mtoto anakula kipande, anaona kimya, anaongeza cha pili, halafu cha tatu kwa kuwa rafiki amecheka. Baadaye vyote vinampanda kwa wakati mmoja: moyo unakwenda mbio, anaona visivyokuwepo, na mzazi anakimbizana na tuktuk usiku kuelekea hospitali asijue amwambie daktari nini. Biskuti haina harufu ya moshi wala haiachi majivu. Inapita mbele ya mwalimu, mbele ya ustadhi wa madrasa, na mbele ya bibi mwenye pua kali kuliko wote.

Tena mnunuzi wa mtandaoni hajui kilichomo. DEA ilipopima vidonge bandia ilivyovikamata mwaka 2023 ilikuta saba katika kila kumi vina kiwango cha fentanyl kinachoweza kuua. Huko ni Marekani, na barua hii haidai kwamba fentanyl imefika Mji wa Kale. Ila Afrika imeshaonja mchezo huo. Sierra Leone ilitangaza hali ya hatari ya kitaifa Aprili 2024 kwa sababu ya kush, dawa ya kulevya inayovutwa, na vipimo vilivyotolewa Februari 2025 vilikuta ndani yake nitazini, kemikali za ukoo wa afyuni zenye nguvu kupita heroini. Vijana wa Freetown walidhani wanavuta majani.

Halafu kuna deni. Muuzaji wa mtandaoni hakosi ukarimu. Mara ya kwanza atakupa bure, mara ya pili atakukopesha. Mtoto asiye na kipato hulipa kwa alichonacho. Anapeleka mzigo kwa mwenzake wa shule, anaazima namba ya M-Pesa ya dadake, au anatuma picha ambayo baadaye itatumika kumbana. Kuanzia hapo si mteja tena. Polisi wakifika, watakayemkuta na kifurushi ni yeye.

Utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikuta Mkenya mmoja katika kila sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kileo au dawa moja. Takwimu hiyo ilinukuliwa sana. Iliyonukuliwa kidogo ni ile ya umri mdogo kabisa wa kuanza: kwa bangi miaka 8, na kwa dawa za hospitali zinazotumiwa vibaya pia miaka 8. Huo ni umri wa mtoto anayejifunza kujumlisha kwa kubeba.

Serikali, kwa upande wake, imezoea kutazama baharini. Haina makosa kutazama huko. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi nje kidogo ya pwani ya Kenya. Agosti mwaka huo huo meli ya Al Noor, iliyokamatwa Mombasa na mamia ya kilo za heroini, ililipuliwa baharini Rais Uhuru Kenyatta akitazama. Baktash Akasha na nduguye Ibrahim walikamatwa Mombasa Novemba 2014, wakapelekwa New York Januari 2017, wakakiri makosa ya ulanguzi wa dawa za kulevya. Baktash akahukumiwa miaka 25 mwaka 2019 na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Oktoba 2025 jahazi jingine lililetwa bandarini likiwa na zaidi ya tani moja ya methamphetamine. Picha za mizigo hiyo hupendeza kwenye taarifa ya habari: magunia yamepangwa, maafisa wamesimama nyuma.

Wavu wa papa haushiki dagaa. Vidonge kumi kutoka duka la dawa lisilouliza cheti cha daktari havihitaji jahazi. Biskuti huokwa jikoni kwa mtu. Kituo cha Taarifa za Fedha huripotiwa miamala ya fedha taslimu inayofika dola 15,000, na Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa linalopambana na fedha chafu, Februari 2024 kwa sababu ya udhaifu wa kuzifuata fedha hizo. Malipo ya shilingi mia tatu ya mtoto wa Gredi ya 9 hayako kwenye rada ya mtu yeyote.

Ndiyo maana barua hii haikuelekezwa kwa jeshi la majini wala kwa kitengo cha mihadarati. Imeelekezwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwa sababu soko hili lina viungo vitatu, na viwili kati yake viko hapa nyumbani. Akaunti ya TikTok au Instagram iko mikononi mwa kampuni ya ng'ambo, na huko kuna safari ndefu ya barua na mawakili. Lakini laini ya simu inayopokea pesa imesajiliwa Kenya. Kanuni za kusajili laini zipo tangu 2015, na mwaka 2022 Mamlaka iliwasimamisha wananchi foleni, wazee kwa vijana, wathibitishe upya usajili wao, kwanza mpaka Aprili 15 kisha mpaka Oktoba 15, kwa onyo kwamba atakayekaidi atafungiwa. Watu wa Mombasa walisimama juani nje ya maduka ya simu na vitambulisho mkononi. Waliambiwa ni kwa ajili ya usalama.

Basi usalama huo utumike. Muuzaji hawezi kupokea M-Pesa hewani. Anahitaji laini, laini ina jina na namba ya kitambulisho, na akienda kutoa pesa kwa wakala anatakiwa kuonyesha kitambulisho tena. Kiungo cha tatu, bodaboda, ana pikipiki yenye namba za usajili na simu iliyopigiwa na mtu fulani saa fulani.

Watakaopinga watasema laini nyingi husajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Ni kweli, na kila mtu mtaani anajua. Lakini aliyesajili laini hiyo ni wakala, naye wakala ana namba yake kwa kampuni ya simu. Laini kumi za wauzaji zikitoka kwa wakala mmoja, hilo ni jambo la kuulizwa. Mamlaka ina uwezo wa kuziuliza kampuni za simu swali kama hilo kesho asubuhi, bila sheria mpya na bila kuzima chochote.

Kuhusu sheria, karatasi hazikosekani. Sheria ya kudhibiti mihadarati ni ya 1994 na imerekebishwa 2022. Sheria ya makosa ya kompyuta ni ya 2018. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya dawa za kulevya na dhidi ya dhuluma za mtandaoni pia. Aprili 2025 Mamlaka yenyewe ilitoa miongozo kwa kampuni za mawasiliano kuhusu usalama wa watoto mtandaoni: kuhakiki umri, kuweka njia za kupokea malalamiko, kuwa na sera ya kumlinda mtoto. Julai 2025 sera mpya ya kitaifa ya NACADA ikapendekeza kupiga marufuku uuzaji wa pombe mtandaoni na kuipeleka majumbani. Kelele nyingi zilizofuata zilihusu umri wa kunywa kupandishwa hadi miaka 21, na ile ya mtandaoni, ambayo ndiyo ilikuwa na maana zaidi kwa watoto, ikafunikwa.

Mombasa pia ina uzoefu wake wa marufuku. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, katika kaunti nzima. Haikupita wiki moja kabla Mahakama Kuu ya Embu kusimamisha amri hiyo. Wakulima wa Embu walikuwa na hoja yao, wazazi wa Mombasa walikuwa na yao, na vijana waliendelea kutafuna huku wakitazama mabishano kwenye simu. Kupiga marufuku hutangazwa kwa siku moja. Kazi huwa ni siku zinazofuata.

Kampuni zenyewe je? TikTok ilieleza kwamba iliondoa zaidi ya video 450,000 za Kenya katika robo ya kwanza ya 2025. Inasikika kuwa nyingi. Haielezi ni ngapi zilihusu dawa, wala ni ngapi zilitambuliwa na mtu anayeelewa maneno yaliyotumika. Machi 2025 BBC ilionyesha jinsi vijana wa Kenya, wengine wadogo wa miaka 15, wanavyotumiwa kwenye matangazo ya moja kwa moja ya TikTok kuuza maudhui ya ngono kwa lugha ya mafumbo ambayo mfumo wa kampuni ulishindwa kuinasa. Muuzaji wa dawa hutegemea fumbo hilo hilo. Maneno ya Kisauni hayafanani na ya Eastleigh, na ya leo si ya mwaka jana. Programu iliyofundishwa kutambua Kiingereza cha Marekani haitashtuka kijana wa Kuze akiandika kwamba biskuti za leo "zinapandisha".

Marekani yenyewe imechelewa, na imelipa. Oktoba 2022 familia zilizopoteza watoto kwa vidonge vyenye fentanyl vilivyonunuliwa kupitia Snapchat zilianza kuishtaki kampuni ya Snap huko California. Kampuni ilijikinga kwa sheria ya 1996 inayoziepusha kampuni za mtandao na lawama ya yanayoandikwa na watumiaji wake. Januari 2024 jaji wa Los Angeles aliruhusu sehemu kubwa ya kesi iendelee, kwa hoja kwamba malalamiko yanahusu namna programu ilivyoundwa: ujumbe unaojifuta, mgeni anayependekezwa kwa mtoto awe rafiki. Agosti mwaka huo huo Ufaransa ilimkamata Pavel Durov, mwanzilishi wa Telegram, na miongoni mwa tuhuma alizofunguliwa ni kushiriki katika biashara ya dawa za kulevya iliyofanyika kwenye programu yake. Na Kenya haiko mikono mitupu: Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa nchini katika kesi za waliokuwa wakichuja maudhui yake jijini Nairobi. Kampuni hizi sasa zinajua njia ya kwenda mahakama za Milimani.

Kuna wanaotaka Kenya iige Australia, iliyowafungia watoto wa chini ya miaka 16 mitandao mikubwa ya kijamii kuanzia Desemba 10, 2025. Huenda huko ikafaa. Katika nyumba ya Mji wa Kale yenye simu moja kwa watu watano, akaunti ni ya shangazi na anayeitumia ni mpwa. Marufuku hiyo itahakiki umri wa shangazi.

Sasa jambo gumu zaidi, ambalo barua nyingi za namna hii hulikwepa. Wananchi wengi hawaiamini serikali na simu zao, na wana sababu. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi kwenye mtandao wa X kumhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi, na usiku huo huo akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Aliyepatikana kwa haraka ile alikuwa mkosoaji. Oktoba 2025 marekebisho ya sheria ya makosa ya kompyuta yalipotiwa saini, Mahakama Kuu ilisimamisha baadhi ya vifungu vyake ndani ya siku chache. Mei mwaka huo huo ilikuwa imeshatoa amri ya kuizuia serikali kukata intaneti, katika kesi iliyotokana na yale yale ya Telegram.

Kwa hiyo kinachoombwa hapa kipitie mahakamani. Laini inayotuhumiwa kuuzia watoto dawa ihifadhiwe kumbukumbu zake mara moja, zisifutwe, na ifungwe au ifuatiliwe kwa amri ya hakimu. Mahakama za watoto zipo, na Mombasa hakimu hakosekani. Afisa asiyetaka kumweleza hakimu kwa nini anaitaka namba fulani hana sababu nzuri ya kuitaka.

Ombi la kwanza ni mlango mmoja. Leo mama aliyekuta mazungumzo ya bei na bugizi kwenye simu ya mwanawe ana 116 ya watoto, 1192 ya NACADA, namba ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, kituo cha Mamlaka cha dharura za mtandao, na kitufe cha kuripoti ndani ya programu yenyewe. Usiku wa manane, mikono ikimtetemeka, hatapiga hata moja. Au atampigia kaka yake aje ampige mtoto. Paweko namba moja isiyolipishwa, inayopokea picha za skrini, inayojibu kwa Kiswahili, na inayompa mlalamikaji namba ya faili ili wiki ijayo aweze kuuliza imefika wapi. Anayepokea aweze kumwelekeza pia kwenye matibabu, maana mtoto aliyezoea tramadol akikatwa ghafla atapata arosto, na arosto si utovu wa nidhamu.

La pili ni watu wanaojua lugha. Mjini Mombasa kuna Reachout Centre Trust, kuna MEWA, kuna kituo cha matibabu cha NACADA huko Miritini. Wafanyakazi wa vituo kama hivi, wengine wakiwa wametumia wenyewe na kuacha, husikia jina jipya la kidonge muda mrefu kabla halijaingia kwenye waraka wowote wa serikali. Mamlaka ina ofisi ya kanda ya Pwani mjini humu humu. Iwakutanishe watu hawa na wawakilishi wa TikTok na Meta kila baada ya miezi mitatu, orodha ya maneno na alama ikabidhiwe, na kampuni zilazimishwe kusema zimefanya nini nayo. Bodi ya Famasia na Sumu iwemo chumbani, kwa kuwa vidonge vingi vilianzia kwenye rafu halali.

La tatu linahusu nani akamatwe. Kukamata vijana sita kwenye baraza la Kibokoni ni rahisi, na hujaza kitabu cha kituo. Mtoto aliyenunua apelekwe kwa mshauri, mzazi aitwe, simu yake isomwe kwa idhini ili ipatikane namba ya aliyemuuzia. Akikamatwa mnunuzi peke yake, muuzaji hubadilisha jina la akaunti na kuendelea jioni ile ile.

M-Pesa iko chini ya Benki Kuu, polisi wana mkubwa wao, maduka ya dawa yana bodi yao. Mamlaka inaweza kujibu kwamba mengi kati ya haya si ya kwake. Lakini laini ni ya kwake, miongozo ya Aprili 2025 ni ya kwake, na leseni ya kila kampuni ya simu nchini inatoka kwake. Wengine wakialikwa na mwenye leseni, watakuja.

Mwisho ni suala la hesabu. Kila robo mwaka Mamlaka hutoa ripoti ya sekta: laini ngapi, bando kiasi gani, dakika ngapi za mazungumzo. Kituo chake cha usalama wa mtandao kilihesabu zaidi ya matukio bilioni 2.5 ya vitisho vya mtandaoni kati ya Januari na Machi 2025 pekee. Chombo chenye uwezo wa kuhesabu mabilioni kiongeze safu moja kwenye jedwali lake: malalamiko mangapi ya watoto kuuziwa dawa yamepokelewa, kutoka kaunti gani, laini ngapi zimefungwa kwa amri ya mahakama, akaunti ngapi kampuni zimeziondoa na baada ya siku ngapi, na kesi ngapi zimefika hukumu. Ripoti ya robo mwaka ijayo itatosha kuanzia, hata kama safu yote itakuwa na sifuri.

Wako,
Mkaazi wa Ndia Kuu, Mji wa Kale, Mombasa.

Nakala: NACADA, Idara ya Upelelezi wa Jinai, Bodi ya Famasia na Sumu, Benki Kuu ya Kenya, Serikali ya Kaunti ya Mombasa.